Picha ya Kumi na Saba

Mwaka ule wa tisini na sita, watu wa Uvira walipokimbia vita, kila mmoja alibeba kile ambacho akili yake ilimtuma kubeba. Wengine walibeba godoro, wengine mbuzi, na mmoja, Mungu amrehemu, alibeba mlango akitumaini kupata nyumba ya kuutia. Appolinaire fundi cherehani alibeba mtoto mgongoni na kopo la maziwa ya unga mkononi, na kopo lenyewe halikuwa na maziwa. Lilikuwa na picha. Cherehani aliiacha. Mpaka leo hapa Rubondo, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, wapo wazee wanaomcheka: fundi gani huyo aliyeacha cherehani akaokoa picha za sinema?

Mtoto wa mgongoni ni Pascaline. Ana miaka thelathini sasa, anauza nyanya na dagaa kavu mbele ya nyumba, na anaishi na baba yake kwa sababu mzee akiachwa peke yake husahau kula. Alilelewa na kopo lile kama wengine wanavyolelewa na mama wa kambo: lilipewa mahali pazuri kuliko yeye, na alikatazwa kuligusa. Mvua ikinyesha na bati likivuja, baba yake alihamisha kopo kwanza, halafu unga, halafu binti. Pascaline alilichukia kopo hilo kwa moyo wake wote, isipokuwa picha moja.

Habari za kopo zinajulikana Rubondo nzima, maana Appolinaire hamwulizi mtu kama anataka kuzisikia. Mwaka 1984 walikuja wazungu katika bonde la Ruzizi, upande wa Uvira, kutengeneza filamu ya watu waliotua kwenye sayari nyingine. Wakati wa kiangazi bonde lile ni jekundu na kavu, na wazungu wakaona sayari wameipata tena iko karibu na soko. Wakaajiri watu thelathini na wawili wa kuvaa nguo za angani, na fundi mmoja wa kuzishona. Appolinaire alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alishona nguo thelathini na mbili kwa kitambaa cha rangi ya fedha kilichokata vidole, akatengeneza kola ndefu za kufungwa hadi kidevuni, na juu yake zikawekwa helmeti za pikipiki zilizopakwa chokaa na kutiwa kioo cheusi mbele.

Wazungu wale walikuwa na mwanamke mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba leo inafanana na jana. Kama jana kifungo kilikuwa wazi, leo kiwe wazi. Wenyeji walimwita Madame Rakor, kwa neno la Kifaransa la kazi hiyo. Alitembea na kamera ile inayotema picha hapo hapo, karatasi ikitoka bado ni kijivu, unaipungapunga hewani na sura inakuja yenyewe. Alipiga picha kila nguo kabla ya kazi kuanza, watu wakiwa wamekwisha kufungwa helmeti, akaandika namba chini kwa kalamu. Filamu ilipokwisha, picha zikatupwa shimoni pamoja na makopo ya nyama na viazi vilivyooza. Appolinaire aliingia shimoni akazitoa zote thelathini na nane, akazipangusa moja moja kwa shati lake. Huo ndio ulikuwa mwanzo wa ugonjwa.

Nauita ugonjwa kwa sababu haukuishia hapo. Miaka mingi baadaye, alipofika Nakivale na kukuta watu wa Uvira wametawanyika kila kona ya kambi, alianza kuwawinda waliocheza ile filamu. Kule Juru alimkuta mama mmoja akiipua sufuria kwa glavu ya angani, akambadilishia kwa kitambaa kipya. Kule Kabazana alisikia kuna helmeti. Akaenda, akakuta kuku anaitamia. Mwenye kuku akakataa katakata kumwondoa, na Appolinaire akawa anatembea kwenda Kabazana kila baada ya siku tatu, wiki tatu nzima, mpaka vifaranga vikatoka, ndipo akaibeba helmeti na manyoya yake. Alipata pia nusu ya ule ubao wa kugonganisha mbele ya kamera. Watoto walimwita Papa Sinema. Na jambo la kuchekesha, au la kuliza, ni kwamba filamu yenyewe hakuwahi kuiona. Wazungu waliahidi kurudi kuionyesha Uvira. Watarudi, hayawani hao, siku kuku wa Kabazana atakapoota meno.

Lakini picha ya kumi na saba. Katika picha thelathini na nane, thelathini na saba zinaonyesha helmeti, kioo cheusi, kola iliyofungwa. Mtu ndani yake humjui. Ya kumi na saba ilikuwa kosa. Madame Rakor alibonyeza kabla ya wakati, na aliyekuwa mbele yake alikuwa msichana muuza mihogo ya kukaanga ambaye alikuja kuuza mihogo akaishia kuajiriwa. Helmeti ameikumbatia kwapani kama beseni, kola wazi, shavu moja limejaa muhogo, na anacheka hadi mwanya wa meno unaonekana. Huyo ni Marie. Mwaka uliofuata aliolewa na fundi. Mwaka wa tisini na sita alibaki kando ya barabara ya kwenda Baraka, na aliyemzika ni mume wake kwa jembe la kuazima. Picha ya harusi iliungua na nyumba. Kwa hiyo duniani kote uso wa Marie ulibaki mahali pamoja, na Pascaline, ambaye mama yake alikufa yeye akiwa bado ananyonya, aliujua uso huo kwa dakika tano tano, kila Krismasi, baba akiwa ameshika picha kwa ncha za vidole.

"Papa, niipige na simu tu," alimwomba mara nyingi.

"Hapana. Picha ya picha ni bwizi. Leo iko mu simu yako, kesho iko mu simu ya batu bote, banacheka mama yako juu anatafuna."

Alikuwa na sababu. Kijana mmoja mgeni aliwahi kupiga picha ile glavu, ikazunguka mitandaoni na maneno ya kejeli chini yake. Tangu hapo mzee alikataza kopi za aina yoyote. Na Pascaline, aliyekuwa na simu nzuri ya kamera mwaka mzima, alitii. Mtu unaweza kujilaani kwa dhambi zako, hilo linaeleweka. Kujilaani kwa utii wako ni uchungu mwingine.

Aliyewapatia mtu wa kuvichukua vitu hivyo ni Bienvenu, Mkongomani mwenzao mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi kwenye senta ya Rubondo. Kwa ruhusa ya mzee aliweka picha ya helmeti kwenye ukurasa wa watu wanaokusanya vitu vya nyuma ya pazia vya filamu za zamani za anga, kumbe dunia imejaa wagonjwa kama Appolinaire. Siku ya tatu alijibu mtu anayeitwa Rénovat, Mrundi anayeishi Ubelgiji. Alikuwa anaitafuta filamu hiyo hiyo kwa miaka. Anayo mabaki yake: michoro, karatasi za ratiba zenye madoa ya kahawa, kiatu kimoja. Filamu anayo pia. Alisema atakuja mji jirani wa Mbarara, Alhamisi ya mwisho ya mwezi ule, aione seti nzima na kuichukua, iwekwe kwenye maonyesho Brussels, kila kitu na jina la aliyekitengeneza.

Kwa wiki nzima Appolinaire alikuwa kama bwana harusi. Pascaline alikuwa kama mfiwa.

"Kwa hiyo unamuuzisha mama," alisema jioni moja, akichambua dagaa bila kumtazama.

"Mama yako haiko wa kuuzisha. Anaenda fasi mvua haiingiake mu nyumba. Ataandikwa jina, Marie, na yangu chini yake. Hapa tutaandikwa wapi? Ku foleni ya posho?"

"Toa zile zingine. Hii moja uniachie."

"Seti haivunjwe, Pascaline. Ukiondosha mukono mumoja ku koti, haiko koti tena."

"Koti! Wewe kila kitu ni koti! Mimi sina mama, papa, niko na picha tu!"

Mzee akachukua kopo, akaingia ndani. Siku mbili hawakusemezana ila kwa habari ya chumvi.

Siku ya tatu, Jumatatu, hasira ya Pascaline ilipoa yenyewe. Alimwona baba yake amekaa mlangoni anajishonea koti la kwenda nalo Mbarara, miwani imefungwa kwa uzi, na akamhurumia. Akajiambia: mwache mzee. Aende na kopo lake, aandikwe ukutani, amengoja miaka arobaini. Na kama mama anasafiri, basi asafiri vizuri. Bibi arusi hupambwa kabla ya kutolewa. Hata maiti huoshwa. Ndivyo alivyowaza, na hakuna aliyewahi kuwaza kwa upendo zaidi ya hapo.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtu wa kambini hahitaji kuelezwa. Kwa mkimbizi, karatasi ndiyo mtu. Kadi ya familia, cheti cha ubatizo, kadi ya chanjo, diploma ya shule iliyochomwa: kila karatasi yenye maana hutiwa plastiki kwenye mashine, maana isiyotiwa huliwa na mchwa, hulowa, hutafunwa na panya, na siku ya siku ofisa anakutazama kama mtu ambaye hajazaliwa. Nakivale hakuna heshima kubwa unayoweza kuipa karatasi kuliko plastiki. Pascaline mwenyewe ndiye aliyetia plastiki karatasi zote za baba yake, na mzee alimsifu mbele za watu. Sasa alikuwa ameona ukungu wa kijani kwenye pembe za picha mbili tatu. Akaona dawa yake ni ile ile.

Asubuhi ya Jumanne Appolinaire alikwenda Kabingo kutafuta vifungo vinne vinavyofanana. Pascaline akalitoa kopo chini ya kitanda, akalifunga kwenye kitenge, akaenda kwa Bienvenu.

"Zote?" Bienvenu aliuliza.

"Zote. Anza na hii." Akampa ya kumi na saba.

Bienvenu aliigeuza mikononi. "Hii iko munene huku chini. Nipige kwanza fotokopi?"

"Papa hapendake kopi."

"Basi sawa."

Pascaline aliheshimu amri ndogo akavunja kubwa. Bienvenu aliiweka katikati ya karatasi mbili za plastiki, akaisukuma polepole kwenye mdomo wa mashine uliokuwa umekwisha kupata moto. Marie akaingia upande huu akicheka. Mashine ikanguruma, ikakwama kidogo kwenye ule unene, ikatoa harufu ya dawa iliyoungua. Upande wa pili ilitoka plastiki safi, ngumu, yenye pembe nzuri, na ndani yake rangi zilikuwa zinachemka. Uso ulivimba malengelenge. Ukawa kahawia, kisha mweusi, kuanzia katikati kwenda pembeni, mbele ya macho yao, kama ukoko chini ya sufuria.

Pascaline aliinyakua ikiwa bado ya moto. Unajua alifanya nini? Aliipungapunga hewani. Baba yake alikuwa amemwambia maisha yake yote kwamba picha hizi ukizipungia upepo sura inakuja yenyewe, basi akaipunga, akaipunga, hadi Bienvenu akamshika mkono.

"Pascaline. Acha. Imekwisha."

Wahenga walisema wema hauozi. Hawakusema kwamba hauungui.

Zile thelathini na saba zilirudi koponi bila kuguswa, na iliyoungua akaiweka chini kabisa. Alijiambia atasema jioni. Jioni baba yake alirudi na vifungo, amefurahi, amepata vinne kweli vya rangi moja, na akamletea binti yake kikuku cha shanga kutoka Kabingo bila sababu yoyote. "Ku Mbarara nitakuambia kitu," alisema. "Ulinikasirikia bure." Pascaline hakusema. Kesho yake koti likavaliwa kwa kujaribiwa, likageuzwa mbele ya kipande cha kioo, na majirani wakaitwa kuliangalia. Hakusema. Kila saa iliyopita ililifanya neno kuwa zito kuliko saa iliyotangulia, na tayari alikuwa mtu wa kubeba mizigo mizito, akaubeba na huo.

Alhamisi walifika Mbarara saa nne asubuhi, mtaa wa Nyamityobora, kwenye nyumba ndogo ya wageni iliyopakana na maduka ya nafaka. Rénovat aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mnene, mpole, aliyeondoka Bujumbura akiwa mdogo, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha utotoni kilichochanganyika na Kifaransa. Alimshika Appolinaire mkono kwa mikono miwili.

"Mzee, nilikutafuta sana. Ile kola, vous savez, unajua, nilikuwa najiuliza miaka mingi, ni nani alishona ile kola?"

"Ni mimi," Appolinaire akasema.

Pascaline alimtazama baba yake. Hakuwahi kumwona mtu yeyote akimwuliza baba yake swali zuri kiasi hicho.

Mezani Rénovat alikuwa ametandika kitambaa cheupe, na juu yake kompyuta na mashine bapa ya kunakili picha. Akavaa glavu nyembamba nyeupe za pamba. Mzee aliziona, akamgusa binti yake kwa kiwiko: unaona mtu anayejua kazi?

"Kabla ya kitu chochote," Rénovat alisema, akimgeukia Pascaline, "tunaanza na ile ya mama yako. Baba yako aliniandikia, c'était sa seule condition. Sharti lake lilikuwa hilo moja tu. Kwamba nikuje na mashine, niitoe ya mama kubwa, hivi," akapanua mikono, "kwa karatasi nzuri isiyoharibika na maji, na fremu. Ikae na weye. Kiisha ndiyo seti iende."

Appolinaire alitabasamu kama mtoto. "Ndiyo kile nilisema nitakuambia. Nilitaka kukushangaza. Kopi ile nilikatazaka ni ya bovyo bovyo. Hii ni ya bwana mwenye kujua."

Pascaline alitaka kusema sasa, sasa hivi, lakini mzee alikwisha kufungua kopo. Alitoa glavu ya Juru. Alitoa nusu ya ubao. Helmeti ya Kabazana ilikwisha kuwekwa mezani. Akaanza kupanga picha kwenye kitambaa cheupe, safu kwa safu, namba kwa namba, na alipofika kumi na sita akaacha nafasi, akaendelea na kumi na nane. Ya Marie alitaka iwe ya mwisho. Zikaisha thelathini na saba. Akaingiza mkono koponi, vidole vikagusa plastiki, na Pascaline aliona uso wake ukiuliza swali kabla hajatoa mkono.

Aliitoa. Aliitazama. Akaigeuza nyuma akidhani pengine uso uko upande ule, akaigeuza tena.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni miye, papa."

"Kwa Bienvenu?"

"Ndiyo. Nilitaka kuichunga. Nilitaka aende vizuri." Alikuwa analia tayari. "Nilitaka kutia zote."

"Na ulianza na hii."

"Nilianza na hii juu ndiyo niliipenda zaidi."

Appolinaire aliiweka picha kwenye ile nafasi aliyoiacha, kati ya kumi na sita na kumi na nane, akainyosha ikae sawa na wenzake. Alipozungumza hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Ulipokuwa mutoto, nilikufundisha nini juu ya pasi?"

Pascaline alijifuta macho kwa kiganja.

"Pascaline. Nilikufundisha nini?"

"Kabla ya kupiga nguo ya muntu," alisema, kama mtoto anayesoma darasani, "nijaribu kwanza moto wa pasi ku kipande cha kutupa."

"Ku kipande cha kutupa." Mzee akanyoosha mkono juu ya meza, juu ya helmeti zote zile thelathini na saba, vioo vyeusi thelathini na saba visivyo na mtu. "Na hapa haukuona kipande cha kutupa?"

Rénovat alivua glavu zake. Alikuwa mtu mwema na hakujua pa kuutia wema wake. Alisema anasikitika, akasema labda kuna fundi Ulaya, akaichunguza picha kwenye mwanga wa dirisha, akatikisa kichwa. Halafu akakumbuka kitu na akaona ni dawa. "Lakini filamu ninayo! Mama yako yuko ndani ya filamu, si ndiyo? Tutamwona. Anatembea, mzee, mle anatembea!"

Wakavuta viti. Pascaline alikaa katikati. Filamu ilianza, na bonde la Ruzizi likatokea, jekundu, mbingu ikiwa imetiwa rangi ya zambarau isiyokuwapo. Appolinaire alisogea mbele hadi pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo cha kompyuta. Miaka arobaini alikuwa hajaiona. Rénovat akaipeleka mbele hadi mahali pale: watu wa sayari wanashuka kilimani, thelathini na wawili, wa rangi ya fedha, jua likiwaka juu ya mabega yao. Wanashuka kwa safu, hatua moja, mkono mmoja, kama mwelekezi alivyowafundisha, wanapita mbele ya kamera na kutoka. Kola zimefungwa hadi kidevuni. Vioo vyeusi. Sekunde arobaini.

"Rudisha," Appolinaire akasema.

Rénovat akarudisha.

"Ni yupi, papa?" Pascaline aliuliza. "Mama ni yupi?"

"Ngoja. Alikuwaka wa kushoto. Ngoja. Rudisha."

Wakashuka tena. Wakashuka mara ya tatu, ya nne. Mzee alikuwa akiweka kidole juu ya mmoja, anakitoa, anakiweka juu ya mwingine. Nguo alizijua zote. Alijua ipi aliifumua kiuno mara mbili kwa sababu ya maungo ya Marie, lakini kutoka mbali kiuno hakionekani, na kola alizifunga yeye mwenyewe kwa mikono yake, moja moja, vizuri, ili ngozi ya mtu isionekane. Wazungu walimpongeza kwa hilo.

"Papa?"

"Sijui," alisema. "Sijui, mwanangu. Bote bako sawa."

Wakati wa kuagana, Rénovat alizifunga zile thelathini na saba kwenye karatasi laini, moja moja, akaweka helmeti kwenye sanduku lake na glavu ndani ya helmeti. Aliandika majina kama alivyoahidi. Alipofika kwenye jina la Marie alisita, kwa kuwa hapakuwa na picha ya kuliandika chini yake, akaliandika hivyo hivyo kwenye karatasi peke yake. Ile iliyoungua aliisukuma taratibu upande wao wa meza. "Hii mubaki nayo," akasema. "Kwa maonyesho haiwezi."

Nje jua la saa saba lilikuwa kali, na wachukuzi walikuwa wakipakua magunia ya mahindi. Appolinaire alisimama ukingoni mwa barabara na koti lake la vifungo vinne, mikono mitupu, hajui aiweke wapi. Tangu binti yake apate akili hakuwahi kumwona akisafiri bila kopo. Pascaline alitaka kupiga magoti pale pale mbele ya watu.

"Papa, unisamehe."

Mzee alimtazama, na haikuwa hasira iliyokuwa machoni mwake, ingawa hasira ingemfaa Pascaline zaidi. Akatoa picha kwenye mfuko wa koti, akaipangusa kwa mkono wa shati, kama alivyozipangusa shimoni, akamkabidhi.

"Ulitaka mama yako abaki," akasema. "Haya, amebaki. Na iko na plastiki. Haitaharibika tena."